Baiskeli za pamoja mijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maoni ya watu mitandaoni

Kila ninapotaja baiskeli za pamoja, mtu hunirushia picha ileile: uwanja mkubwa nchini China, baiskeli za manjano, za machungwa na za buluu zimelundikwa kwa maelfu, ukizitazama kutoka juu utadhani ni shamba la maua. Picha ni ya kweli. Lakini mimi nilizipanda baiskeli hizo karibu kila siku nikiwa mwanafunzi Wuhan, na usiku nilikaa na simu nikisoma wenyeji wanasema nini juu yake, maana ndivyo nilivyojifunza Kichina cha mtaani. Niliyoyasoma yalikuwa mapana kuliko picha ile, na ndiyo sababu ya ukurasa huu.

Baiskeli za pamoja ni zipi hasa?

Ni baiskeli zinazowekwa barabarani ili yeyote aliyejisajili achukue moja hapa, aiache kule, alipie muda alioutumia. Safari zake ni fupi: kutoka kituo cha treni hadi nyumbani, kutoka bwenini hadi sokoni.

Ziko za vituo na ziko za kuachwa popote, na asiyezitofautisha hatauelewa ugomvi wa mitandaoni. Za vituo lazima zirudishwe kwenye nguzo yake. Ndivyo ilivyo Vélib' ya Paris iliyoanza tarehe 15 Julai 2007, na ndivyo ulivyoanza mradi wa mji wa Hangzhou mwaka 2008. Za kuachwa popote zina kufuli kwenye gurudumu la nyuma. Unaelekeza kamera ya simu kwenye msimbo wa QR, unasubiri sekunde mbili tatu, kufuli linalia kacha!, unapanda. Ukifika unalifunga kwa mkono, unaondoka zako. Kampuni ya Mobike ilizianzisha Shanghai mwezi Aprili 2016. Wapinzani wake, Ofo, walikuwa wameanza kabla yao ndani ya Chuo Kikuu cha Peking, na jina hilo lilichaguliwa kwa sababu ukiliandika linafanana na baiskeli: magurudumu mawili na mtu katikati.

Maneno mengi ya mitandaoni yanazihusu hizi za kuachwa popote.

Kwani wazo hili ni la Wachina?

Hapana. Mwaka 1965 vijana wa kundi la Provo mjini Amsterdam walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli, apandaye apande. Polisi wakazibeba, kwa hoja kwamba sheria inakataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Walichokileta Wachina ni simu, na wingi. Kufikia Julai 2017 wizara yao ya uchukuzi ilitaja baiskeli zaidi ya milioni 16 na watu milioni 130 waliojisajili, katika biashara ambayo mwaka mmoja na nusu nyuma haikuwa imetoka nje ya geti la vyuo. Weibo, mtandao ambao kwao ndio baraza la mji, ulijaa utani kwamba kampuni zinazokuja zitakosa rangi za kupaka.

Watu wanalalamikia nini zaidi?

Kabla sijaanza kuyafuatilia maneno hayo, ningesema ubovu: breki hazishiki, kiti kimeshuka hakipandi, pedeli moja haipo. Malalamiko hayo yapo mengi, na ni ya haki. Lakini hayawashi moto. Mtu anapiga picha ya kiti kilichong'olewa, rafiki zake wanamtania, yeye anachukua baiskeli nyingine iliyo hatua tatu mbele, yamekwisha.

Moto huwashwa na pesa iliyokwama na njia iliyozibwa.

Hili la njia ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu anayeumia mara nyingi hajawahi hata kujisajili. Mama anasukuma kigari cha mtoto, anakuta baiskeli sita zimelala zimepandana, inabidi ashuke barabarani kwenye magari. Mtu asiyeona anatembea njia aliyoizoea miaka kumi, leo fimbo yake inaingia kwenye spoku na yeye anaangukia chuma. Malalamiko ya namna hii yalisikika Shanghai, yakasikika Singapore, na London hadi leo yanasikika kuhusu baiskeli za umeme zinazoachwa katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Wanaoyaandika si wengi. Lakini soma uandishi wao: hawatanii, hawatukani, wanaeleza mahali na saa. Kama ningekuwa afisa wa manispaa, hayo ndiyo ningeanza nayo asubuhi.

Kisa cha amana ya Ofo kilikuwaje, na kwa nini kinatajwa kila mara?

Kabla ya safari ya kwanza mtumiaji alitakiwa kuweka amana. Ofo walianza na yuani 99, baadaye wakapandisha hadi 199. Yuani 99 kwa kiwango cha wakati ule ni kama shilingi 33,000 za Tanzania. Si mtaji, lakini kwa mwanafunzi ni chakula cha siku kadhaa. Ahadi ilikuwa rahisi: ukitaka pesa yako unabonyeza kitufe, inarudi.

Mwaka 2018 kampuni iliishiwa. Marejesho yakaanza kuchelewa kwa siku, kisha wiki, kisha miezi. Katikati ya Desemba watu wakapanga foleni nje ya ofisi zake Beijing, baridi ya kule ikiwa imeshika hasa, na kampuni ikafungua foleni nyingine ndani ya simu: unaomba, unapewa namba yako. Katika siku chache foleni hiyo ikapita watu milioni 10. Watu wakawa wanaposti skrinishoti za namba zao. Fikiria umeamka, umefungua simu, unaambiwa wewe ni wa milioni 9 na ushee. Hata tukimhesabia kila mtu ile amana ndogo ya yuani 99, hilo ni deni la karibu yuani bilioni 1. Mwezi huohuo mahakama ikamwekea mwanzilishi wa kampuni zuio la matumizi ya anasa: hakuna hoteli za nyota, hakuna daraja la kwanza kwenye ndege.

Lakini kilichowauma watu kuliko foleni ni kisa kingine kidogo. Mchina mmoja alieleza kwamba aliandika barua pepe kwa Kiingereza akijifanya mgeni, na pesa yake ikarudi upesi, tena akaombwa radhi. Kampuni ikajibu kwamba wageni na wenyeji wanahudumiwa sawa. Haikusaidia kitu. Kisa kile kilivuma kuliko hesabu zote za mabilioni. Wanafunzi wenzangu walinijia na simu mkononi wakiniuliza: je, ni kweli ninyi mnarudishiwa? Sikujua la kuwajibu.

Ninakirudia kisa hiki kwa sababu kinaonesha hasira inakaa wapi. Mtu anaweza kusamehe yuani 99. Kuambiwa asubiri nyuma ya watu milioni 9, halafu aone mwingine amepitishwa mlango wa pembeni, hilo hasamehi.

Wewe mwenyewe ulirudishiwa amana yako?

Ya kampuni kubwa, ndiyo. Ya kampuni moja ndogo ambayo haipo tena, hapana, na jina lake nalihifadhi. Siku moja kitufe cha kuomba pesa kiligeuka kijivu, ukikibonyeza hakiitiki. Nilipiga simu, ikaita hadi ikakatika. Nikapanda basi mpaka kwenye anwani yao, ghorofa ya 3, nikakuta mlango wa kioo umefungwa kwa mnyororo, na kwenye kapeti ndani kuna makufuli mapya ya baiskeli bado yamo kwenye mifuko ya nailoni. Mlinzi wa jengo aliniambia kwa upole, "Kijana, wewe ni wa ishirini leo." Usiku huo niliandika maneno makali mtandaoni. Sikuwa na kawaida hiyo. Niliandika kwa sababu nilikuwa nimemaliza milango yote.

Ni kweli kwamba baiskeli hizi zilifichua ukosefu wa ustaarabu?

Wachina walikuwa na neno lao: walisema baiskeli za pamoja ni kioo kinachofichua mashetani, kile cha kwenye hadithi zao za kale ambacho shetani aliyejigeuza binadamu akisimama mbele yake anaonekana alivyo. Nasi tuna neno letu, shamba la bibi. Na vitendo vilikuwapo. Misimbo ya QR ilikwanguliwa kwa kisu ili mwingine asiweze kufungua. Baiskeli zilifungwa kwa mnyororo binafsi, zikaingizwa ndani ya lifti, zikatupwa mtoni. Chongqing kulikuwa na kampuni ndogo, Wukong, iliyofunga biashara Juni 2017 baada ya kupoteza karibu asilimia 90 ya baiskeli zake 1,200.

Ila tazama upande wa pili wa jambo hilohilo. Ofo za mwanzo zilikuwa na kufuli la namba ambazo hazibadiliki, kila baiskeli na namba yake ya kudumu. Ukiikariri leo, kesho unaipanda bure. Wukong hawakuweka kifaa cha kuonesha baiskeli ilipo, kwa hiyo iliyopotea imepotea. Duka lisilo na mlango likiibiwa, mwizi ana kosa, lakini na mwenye duka aulizwe.

Tena kioo kile kiliwaonesha na watu wengine. Walijiita wawindaji: vijana na watu wazima waliotoka kazini jioni, wakazunguka na tochi wakitafuta baiskeli zilizofichwa uani na vichochoroni, wakazitoa barabarani, wakatoa taarifa za zilizoharibika. Hawakulipwa. Walikuwa na makundi yao ya WeChat na wakishindana nani amekomboa nyingi. Machapisho yao hayakuvuma hata kidogo ukilinganisha na picha za baiskeli juu ya mti.

Na wanaodhani ni tabia ya taifa moja, waangalie Manchester. Mobike waliingia pale Juni 2017, ukiwa mji wao wa kwanza Uingereza, na Septemba 2018 wakatangaza kuondoka, wakisema katika majira yale ya joto walikuwa wakipoteza karibu asilimia 10 ya baiskeli kila mwezi. Picha za baiskeli ndani ya mifereji ya maji zilijaa Twitter. Baadaye, mwaka 2021, eneo lile likaanzisha baiskeli nyingine za pamoja, safari hii za vituo.

Je, mitandao inaweza kugeuza maoni kwa siku moja?

Inaweza, na mfano bora ninaoujua ni wa Zhengzhou.

Juni 2024, wanafunzi wanne wa kike wa mji huo, mkoani Henan, walichukua baiskeli za pamoja usiku wakaendesha hadi mji wa Kaifeng, kilomita kama 50, kwenda kula guantangbao. Hivyo ni vitumbua vya unga vinavyopikwa kwa mvuke, ndani vina nyama na supu ya moto. Ukiking'ata bila kujua, supu inakuunguza mdomo. Kaifeng inasifika kwavyo. Wasichana wale wakaposti safari yao, na wenzao wakaiga. Polepole, kisha kwa kasi. Maneno yaliyoambatana nayo yalikuwa kwamba ujana hauuzwi dukani.

Kwa miezi kadhaa maoni yalikuwa matamu kama asali. Watu wazima waliandika wakikumbuka ujana wao. Kaifeng ikawakaribisha wanafunzi, ikawafungulia baadhi ya vivutio bila kiingilio. Vyombo vya habari vikasifu. Nilizitazama video zile nikiwa nimeshahamia nyumbani na moyo ulinienda mbio: barabara tupu ya usiku, taa ndogo za baiskeli, wasichana wanaimba, mmoja amefunga mfuko wa nailoni kwenye kiti kwa sababu ya umande.

Usiku wa Ijumaa tarehe 8 Novemba 2024 walitoka zaidi ya watu 100,000. Barabara ya Zhengkai, inayounganisha miji hiyo, ikafurika njia zote, magari yakakwama katikati ya baiskeli. Walipofika, Kaifeng haikuwa na vitanda vya kuwalaza. Na kurudi? Baiskeli ziliachwa zilipofika, milundo kwa milundo, na vijana wakapanda treni na mabasi. Kesho yake Zhengzhou, mfanyakazi aliyezoea kuchukua baiskeli mlangoni ili awahi treni akakuta hakuna. Malori yakatumwa kuzirudisha.

Jumamosi hiyo maoni yakageuka. Wale waliosifiwa Alhamisi sasa wakaitwa wabinafsi. Polisi wakafunga njia za baiskeli kwenye barabara ile mwisho wa wiki, vyuo vikabana ruhusa za kutoka, na kampuni 3, yaani Hellobike, DiDi na Meituan, zikatangaza kwa pamoja kwamba baiskeli ikitolewa nje ya eneo lake itafungwa yenyewe.

Aliyepima maoni Alhamisi angeandika ripoti ya furaha tupu. Aliyepima Jumapili angeandika ya hasira tupu. Baiskeli ni zilezile na vijana ni walewale. Na wote wawili wangemkosa yule mfanyakazi wa Jumamosi asubuhi, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuandika neno, maana kwake baiskeli ilikuwa kitu cha kukuta mlangoni tu.

Basi maneno ya mitandaoni yanawakilisha maoni ya mji mzima?

Sehemu tu, na unapaswa kujua sehemu gani.

Anayefika salama haandiki. Sijawahi kuona mtu ameposti, "Leo nimechukua baiskeli, nimefika, nimeiacha." Safari za namna hiyo ni mamilioni kwa siku. Wanaokosekana kabisa ni wazee, wasio na simu janja, na wachuuzi ambao baiskeli zimewafungia nafasi ya kutandaza bidhaa. China kuna jambo jingine la kuzingatia: machapisho huondolewa na mada huzimwa, kwa hiyo ukimya wa ghafla si ishara kwamba watu wameridhika.

Pale penye kura ndipo unapoona pengo. Tarehe 2 Aprili 2023 Paris ilipiga kura kuhusu skuta za umeme za kukodi. Kampuni zilitumia watu mashuhuri wa mitandaoni kuwahimiza vijana wajitokeze, na zikawaahidi wapiga kura safari za bure. Waliosema ziondoke walikuwa asilimia 89. Lakini waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ya wenye haki ya kupiga kura. Kwa hiyo hata kura ile ilisema jambo moja kwa sauti kubwa kutoka kwa watu wachache. Mwanzoni mwa Septemba skuta zikaondoka. Vélib' ikabaki, na watu wa Paris wanaendelea kuilalamikia kama wanavyolalamikia treni, yaani kama kitu chao.

Kompyuta haziwezi kusoma maelfu ya machapisho na kutupa jibu?

Zinasaidia kuhesabu. Zinajua lini kelele zilipanda na neno gani lilirudiwa. Kwenye hisia zinateleza. Chukua mtu aliyeandika: "Asanteni kwa baiskeli isiyo na cheni, nimefika kazini na afya njema." Mashine inaona asante, inaona afya njema, inaweka alama ya sifa. Kwa Kiswahili ni shida zaidi. Kijana wa Dar akisema "hizi baiskeli ni balaa", anaweza kuwa anazisifu hadi mwisho, au anaomba ziondolewe kesho. Utajua kwa kusoma alichosema juu yake na waliomjibu chini yake. Ninayeshirikiana naye kazi hii ya kusoma maoni nimemwomba tusome kwa macho machapisho mia kabla ya kuiachia mashine laki moja, na kila mara tumegundua neno tulilolielewa vibaya.

Kampuni zenyewe zinachangia maneno hayo?

Ndiyo. Mwanzoni mwa 2017 Mobike waligawa zawadi za pesa kwa waliochukua baiskeli zilizowekwa alama maalumu, na kwa wiki kadhaa watu wakawa wanaposti zawadi walizopata. Ukihesabu machapisho ya wakati huo bila kujua, utadhani mji umeipenda baiskeli ghafla.

Afrika Mashariki ziko?

Kigali ilizindua Guraride mwaka 2021, ikiwa na vituo vyake, katika mji ambao tayari una siku zake za kufunga barabara kwa magari ili watu watembee na kuendesha. Maneno ya awali kuhusu mradi huo yalikuwa ya udadisi na ya vilima: nani atapanda mlima ule na shati la ofisini? Swali la haki. Miaka 4 baadaye, Septemba 2025, vilima hivyohivyo vikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza Afrika. Kaskazini mwa bara, Marrakech ilianza na baiskeli za pamoja mwaka 2016, ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa tabianchi.

Lakini tusijifanye wageni wa jambo hili. Bodaboda, kabla ya pikipiki, ilikuwa baiskeli yenye mto kwenye keria, ikivusha watu mpakani Busia, na jina limetoka hukohuko mpakani. Na kila mtoto wa mtaani aliyekua bila baiskeli anajua kukodi.

Kukodi kwa fundi kunahusiana vipi na programu za simu?

Kunahusiana sana. Nilikulia Tanga, mji wa baiskeli, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Fundi alikuwa na baiskeli 4 za kukodisha watoto, zimeegemezwa ukutani chini ya mwembe. Unalipa, unavua ndala zako unaziacha chini ya benchi. Hizo ndizo amana. Anatazama saa yake, anaandika kwenye daftari jina lako na la barabara yenu. Ukichelewa, unamkuta amesimama njiani. Ukirudisha na pancha, anaichomoa tairi mbele yako, anaizamisha tyubu kwenye karai la maji, anakuonesha viputo vinapotokea, halafu mnazungumza ni kosa la nani. Siku nyingine ni la kwako. Siku nyingine anasema, "Hii ilikuwa imechoka, nenda zako."

Sikumbuki baiskeli yake hata moja kutupwa mtaroni. Watoto tulikuwa watundu kama watoto wa kokote. Tofauti ni kwamba yeye alitujua, nasi tulijua pa kumpata. Malalamiko yaliishia palepale chini ya mwembe, kwenye karai.

Nikisoma tena ile foleni ya milioni 10, naona watu milioni 10 wanaomtafuta fundi.

Mtu akitaka kuleta baiskeli hizi Dar, Mombasa au Kisumu, asome nini kwanza?

Asihesabu likes. Asome maswali ambayo hayakujibiwa chini ya machapisho ya kampuni zilizokufa: "Pesa yangu lini?" "Nampigia nani?" "Baiskeli imeziba mlango wa zahanati, mtakuja saa ngapi?" Yapo mengi mno, na anayeuliza mara ya tatu huwa amebadilisha lugha.

Halafu ashuke barabarani. Dar es Salaam kando ya barabara za mwendokasi kuna njia ya baiskeli, na anayepita pale anajua anaigawana na bodaboda, meza za wafanyabiashara na magari yaliyoegeshwa. Wenye baiskeli wameshaungana kuyasema hayo, kupitia UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria programu ya simu. Kuweka baiskeli 1,000 za kuachwa popote juu ya njia hiyo ni kumwongezea mwenda kwa miguu kikwazo cha nne. Mimi ningeanza na vituo vichache, karibu na stendi, kila kituo na mtu wake mwenye pampu na spana, na amana ndogo au isiwepo kabisa. China yenyewe ilishaondoka huko: Mobike waliacha kudai amana Julai 2018.

Nikiona baiskeli ya pamoja imetupwa vibaya, niposti?

Isogeze kwanza. Ni uzito wa kilo kumi na kitu hadi ishirini na ushee, watu wawili hawashindwi. Kisha piga picha ya namba yake, siyo ya mtu, andika mahali na saa, itume kwa kampuni na kwa manispaa. Kuhusu watu, tahadhari: Mei 2023 video fupi ya ugomvi wa baiskeli ya Citi Bike mjini New York ilizunguka dunia, mama mjamzito akahukumiwa na mamilioni kuwa mwizi wa baiskeli ya vijana, kazini akasimamishwa, na siku chache baadaye wakili wake akatoa risiti alizosema zinaonesha kwamba ndiye aliyeikodi. Walioiona video ni wengi. Walioziona risiti ni wachache.

Asipokujibu mtu ndani ya siku mbili, hapo sasa iposti hadharani, na uweke tarehe ya siku uliyotoa taarifa mara ya kwanza.